Kunguru wamejaa, chozi hawaonekani: kuvuta ndege wa porini kwenye bustani ya nyumbani Dar es Salaam

SWALI: Habari za kazi. Tunaishi Bunju, kiwanja cha mita 20 kwa 25. Tuna mwembe mmoja, minazi miwili, na nyasi tunazokata kila baada ya wiki mbili. Kwa miezi mitatu sasa naweka wali uliobaki na vipande vya mkate kwenye sahani juu ya ukuta ili watoto waone ndege. Wanaokuja ni kunguru na shorewanda basi. Tunachotaka ni chozi, wale wadogo wanaong'aa, na wale wa njano wanaofuma viota. Mume wangu anasema tununue chakula cha ndege dukani. Jirani ana paka wawili. Tufanye nini bila kuingia gharama kubwa?

JIBU: Salama. Iondoeni hiyo sahani ukutani leo hii, kabla hamjanunua hata mche mmoja. Kunguru mnayemlisha asubuhi ndiye anayekula mayai na makinda ya ndege mnaowataka mchana. Bustani yenye kunguru kumi wanaojua saa ya chakula haikaliwi na ndege mdogo, hata muipambe vipi.

Halafu wali wenyewe si chakula cha mnaowatafuta. Chozi hunywa maji matamu ya maua na kukamata wadudu na buibui, nafaka haimhusu. Mnana, huyo wa njano mfuma viota, hula mbegu, lakini makinda yake huyalea kwa wadudu, na hachagui mahali pa kufuma kwa sababu ya sahani. Wanaofuata makombo ya mezani ni wale waliokwisha kuzoea kuishi na binadamu, yaani kunguru, shorewanda na njiwa wa mjini. Mmewaita kwa jina, wakaitika.

Kunguru mnayemwona kwa wingi ni yule mwenye shingo ya kijivu, kunguru wa India. Si wa huku. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe takataka, akavuka kuja bara, na leo pwani yote ni yake. Yule mkubwa zaidi mwenye kifua cheupe ni mwenyeji, na mjini amezidiwa nguvu na huyu mgeni. Msijaribu kumtegea sumu. Sumu iliyowekwa kwenye nyama huua pia mwewe, kuku, paka wa jirani na chochote kitakachookota mzoga, na kunguru mwenyewe ana akili ya kutosha kukwepa chakula kilichomuua mwenzake. Dawa yake ni njaa. Ndoo ya taka iwe na mfuniko unaobana, mifupa ifukiwe au ifungwe vizuri kwenye mfuko, bakuli la mbwa liondolewe akishakula, kuku wapewe pumba ndani ya banda na si uani. Ataendelea kuja kukagua kwa siku kadhaa. Akikosa, ataanza kupita tu.

Baada ya hapo, anzeni na maji. Ndiyo sumaku kubwa kuliko zote kwa Dar es Salaam, hasa kati ya Juni na Oktoba mvua zikiwa zimekatika, tena yanawahudumia hata ndege wasiokula mbegu wala matunda. Kosa la wengi ni beseni lenye kina. Ndege mdogo hawezi kuoga kwenye maji yanayomzidi miguu. Anataka ukingo usio na kina kabisa, labda sentimita 1, unaoteremka taratibu hadi sentimita 4 au 5 katikati, na chini pawe na ukwaru ili asiteleze. Beseni la plastiki halifai kwa sababu ni laini na lina kingo za wima. Mkiwa na hilo tu, lijazeni kokoto mpaka maji yabaki sentimita 3, na mawe mawili matatu yachomoze juu.

Kulitengeneza la saruji ni kazi ya saa moja. Rundikeni mchanga mbichi chini, muupe umbo la kichuguu kilicholala, upana sentimita 45 na kimo sentimita 5 katikati. Funikeni kwa nailoni. Changanyeni saruji sehemu 1 na mchanga safi sehemu 3: lita 2 na robo za saruji kwa lita 7 za mchanga zinatosha. Maji yawe machache, mchanganyiko ushikane kama udongo wa kufinyanga, usimwagike kama uji. Pakeni tabaka la sentimita 2 juu ya nailoni, lazeni kipande cha waya wa banda la kuku, kisha tabaka jingine la sentimita 2, na mkate sehemu ya juu kabisa iwe bapa, maana hiyo ndiyo itakayokuwa kitako. Funikeni kwa gunia bichi na mlimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Likiachwa likauke haraka kwenye jua la Bunju, litapasuka. Mkishaligeuza, lijazeni maji na kuyamwaga kila siku kwa wiki nzima kabla ya kuwaachia ndege, kwa sababu saruji mpya hutoa chokaa inayochoma.

Liwekeni juu ya nguzo ya matofali yenye kimo cha mita 1 hivi, kwenye kivuli cha saa za mchana. Vichaka viwe umbali wa mita 2. Karibu zaidi ya hapo paka anajificha na kuruka. Mbali zaidi, ndege aliyelowa manyoya hafiki salama akishtuliwa na kipanga. Kwenu, mahali pazuri ni chini ya tawi la mwembe lililoshuka, kwa sababu kunguru hutua kwa urahisi zaidi palipo na anga wazi juu. Anapenda beseni lililo peupe, na akilipata huloweka humo mikate na mifupa aliyookota kwa wenzenu. Mkiona maji yana mafuta na vipande vya ugali, mjue beseni liko wazi mno.

Maji yanayotikisika huvuta kuliko yaliyotulia. Tundikeni chupa ya lita 1.5 kwenye tawi juu ya beseni, kichwa chini, mtoboe kizibo kwa sindano na mtoboe tundu jingine dogo kitakoni ili hewa iingie. Tone moja kwa sekunde linamaliza chupa kwa saa nane hivi, na mlio wake unasikika na ndege aliye upande wa pili wa ukuta. Likidondoka kwa kasi, punguzeni kwa kijiti cha kiberiti.

Kuhusu maji yenyewe, visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi. Mkiyaonja na kuhisi chumvi, msiyaweke. Tumieni ya bomba au ya mvua. Na kuhusu mbu, hofu hiyo ni ya haki, maana Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue 2014 na tena 2019. Mbu anayeieneza hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yai likiguswa na maji huhitaji kama wiki moja au siku 10 kuwa mbu kamili. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila baada ya siku 2 mwageni, msugue kingo kwa brashi ngumu ili mayai yang'oke, kisha mjaze upya. Mara moja kwa mwezi sugueni kwa maji yaliyochanganywa na jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, msuuze mpaka harufu iishe, na mliache likauke juani. Mkisafiri kwa wiki, ligeuzeni chini juu.

Sasa chozi. Huyu hahitaji kubembelezwa kwa chakula cha dukani, anahitaji maua yenye umbo la bomba, na tawi la kutua karibu na ua, kwa sababu kwa kawaida hunywa akiwa amekaa. Rangi nyekundu na ya chungwa humvuta zaidi, lakini rangi bila maji matamu ni bure. Maua mengi yanayouzwa kandokando ya barabara yamezalishwa yawe na petali nyingi, na hizo petali humzuia asifike chini. Haibiskasi ya kawaida yenye petali tano inamfaa. Ile iliyojikunja kama kabichi haimfai.

Kwa kiwanja chenu ningechagua hivi. Mshubiri, vichaka 5 hadi 7 mahali pa jua kali na mchanga usiotuamisha maji; unachanua wakati wa kiangazi ambapo maua mengine yamepungua, na hapo ndipo chozi anapowakumbuka. Tekoma ya maua ya chungwa kando ya ukuta, miche 3, umbali wa mita 1 na nusu kati ya mche na mche. Ikatwe baada ya kila msimu wa maua la sivyo inakuwa mirefu na mitupu chini. Leonotisi, lile gugu la kandokando ya mashamba lenye maua ya chungwa yaliyopangana kwenye vifundo vya duara vyenye miba: watu huling'oa, na chozi hulipenda kupita kiasi. Okoteni mbegu zake zikikauka, mzimwage kwenye pembe moja mvua za vuli zinapoanza, basi. Na migomba miwili mitatu hapo yanapomwagwa maji machafu ya beseni. Wengi hukata lile ua la zambarau linaloning'inia mkungu ukishatunga. Liacheni kwenye mgomba mmoja, na mtaona chozi akining'inia humo kila asubuhi. Maua ya minazi yenu pia anayatembelea. Pengine tayari mnao chozi juu kule na hamjawatazama.

Ya maji ya sukari nitayasema kwa ufupi, kwa sababu siyapendekezi kwa Dar. Kipimo ni sukari nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 4, yaani mfano vijiko 2 vya sukari kwa vijiko 8 vya maji. Asali huotesha ukungu, na rangi haina kazi. Lakini kwa joto letu maji hayo huanza kuchacha ndani ya siku moja, hivyo lazima yamwagwe kila asubuhi na chombo kioshwe kwa maji ya moto. Sisimizi watakuja, nyuki watafuata, na siku mtakayosahau mtakuwa mmewanywesha ndege pombe. Mshubiri hausahau.

Miti ya matunda huleta kundi jingine kabisa: shore mwenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia, pasa mwenye mkia mrefu, anayetambaa matawini kama panya, kwenzi weusi wanaong'aa, na zuwakulu mwenye mdomo mnene. (Majina haya hubadilika kutoka Mtwara hadi Lamu, kwa hiyo tazameni zaidi umbo kuliko jina.) Mforosadi ndio wa haraka. Kateni kijiti kilichokomaa chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 25 hadi 30, mkizike theluthi mbili ardhini mwanzo wa masika, na mwaka unaofuata mnaweza kuwa mnagombania matunda na ndege. Msiupande karibu na kamba ya nguo wala maegesho. Kinyesi cha ndege aliyekula forosadi hakitoki kwenye shati jeupe. Mpapai ni mzuri pia, mradi mkubali kuacha papai moja la juu liivie mtini. Mzambarau huvuta ndege na popo wengi, ila kwa mita 20 kwa 25 ni mti mkubwa mno. Mkuyu ni mti wa ndege hasa, na mizizi yake itapasua shimo la choo na msingi wa nyumba. Waachieni wenye mashamba. Lantana mtashauriwa na wauza miche kwa sababu ina vitunda na maua ya kupendeza. Kataeni. Ndege husambaza mbegu zake, na kuing'oa ikishashika ni kazi ya miaka.

Kichaka cha miba ni muhimu kuliko mti wa matunda, ingawa hakuna anayekiomba. Ndege mdogo hatui kwenye bustani ambayo hana pa kukimbilia. Pandeni mchongoma au mkunazi kwenye pembe ya nyuma, miche 4 au 5 kwa umbali wa mita 1, mwiache ifungane, mkipogoa upande wa njia tu. Bogenvilia isiyonyolewa kila mwezi hufanya kazi hiyohiyo, na pwani mara nyingi ndiyo kichaka pekee cha miba kilichokwishakuwepo. Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Paka wa jirani yenu wataujua msemo huo kwa vitendo.

Nyasi zenu mnazikata mara nyingi mno. Pimeni mita 2 kwa 3 kwenye pembe ya mbali na mlango, muache majani yakue mpaka yatoe masuke, yakomae na kumwaga mbegu. Tongo, wale wadogo wa kahawia na weusi wanaotembea kwa kundi, huning'inia kwenye suke lenyewe na kulila hapohapo. Wengine wenye tumbo la buluu huokota zilizoanguka. Kateni sehemu hiyo mara mbili kwa mwaka, nusu kwa nusu, ili nusu nyingine ibaki na mbegu. Mtaambiwa mnafuga nyoka. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata chakula kilichomwagika, hivyo ile sahani ya wali ilikuwa hatari kuliko majani. Hata hivyo, ukanda wa mita 1 kuzunguka eneo hilo ukatwe chini sana ili watoto waone wanapokanyaga.

Mnana ndiye mtakayemsubiri zaidi. Dume ndiye mfumaji, naye anatafuta mambo mawili: ncha za matawi zinazoning'inia, ambazo nyoka na panya hupata taabu kufika, na majani marefu ya kuchana nyuzi. La pili mnaweza kumpa kwa urahisi kwa kupanda shina moja au mawili ya mabingobingo kwenye pembe ya majani. Makuti ya minazi pia huyachana. Mnazi utaonekana umechakaa kidogo, lakini kundi dogo haliuui. La kwanza linategemea mti. Mnazi unafaa, mkunazi wenye matawi yaliyoinama unafaa zaidi kwa sababu ya miba, na kama kuna maji chini yake ni bora zaidi. Viota vikianza kuonekana, wakati wa mvua, msishangae kukuta vingine vimetupwa chini vikiwa bado vibichi. Si ugonjwa wala si watoto wa jirani. Jike hukagua, akikataa kiota dume hukibomoa na kuanza upya. Kelele zitakuwepo, kuanzia alfajiri. Kama chumba cha kulala kiko upande huo, fikirini mapema, maana kuvunja viota vyenye mayai baadaye si jambo la kufanya.

Kwa zuwakulu na vigong'ota, ambao hutoboa matundu kwenye mti uliooza, kuna njia ambayo Tanzania ingepaswa kuwa bingwa wake, nayo ni mlingoti wa mkonge. Mkonge ukishatoa mlingoti na kufa, mti wake hukauka ukawa mwepesi na laini ndani. Kateni kipande cha mita 1 kutoka sehemu nene ya chini, sentimita 12 hadi 15 kwa unene. Kifungeni wima kwa waya kwenye shina la mwembe, mita 2 na nusu au 3 kutoka chini, tundu likielekea mbali na upande mvua inapopigia. Toboeni mwanzo wa tundu tu, upana sentimita 4 na kina sentimita 2 au 3, umbali wa sentimita 15 kutoka juu. Msimalizie, ndege anataka kutoboa mwenyewe, na tundu lililokamilika huchukuliwa na shorewanda siku ya kwanza. Juu pigilieni kipande cha bati ili mvua isiingie. Mchwa wataula baada ya miaka michache, mtaweka mwingine. Kwa sababu hiyohiyo, tawi kavu la mwembe lisilo juu ya paa wala juu ya njia liacheni mahali pake.

Mume wako asione nimempuuza. Watoto wakitaka kuona ndege wakila kwa karibu, mnaweza kuweka mbegu, lakini ndani ya kizimba. Chukueni waya wenye matundu ya sentimita 4 kwa 4, mfanye sanduku la sentimita 50 kila upande, lenye mfuniko wa bati juu. Sahani ikae katikati, sentimita 15 au zaidi kutoka kila ukuta, ili mdomo wa kunguru usifike. Mnana, tongo na shorewanda hupita. Kunguru hubaki nje akitukana. Tetere hawapiti, wataokota zinazoanguka chini. Tumieni uwele na ulezi kwa wadogo, na mtama kidogo. Chenga za mahindi ni rahisi, ila huwaita shorewanda na njiwa kuliko wengine. Kipimo ni kile kinachoisha kabla ya saa sita mchana, kwa kuanzia vijiko 3 vya chakula. Kinachobaki jioni ni karamu ya panya.

Hapa pana hatari mbili zinazoua ndege kimyakimya. Ya kwanza ni mbegu za kupandia kutoka duka la pembejeo: zile zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au buluu zina dawa, hazilishwi kiumbe chochote. Ya pili ni nafaka iliyovunda. Mtama au mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na kuosha hakuiondoi, tupeni. Kama mnafuga kuku, kizimba kiwe mbali na banda, na kuku wachanjwe mdondo kila miezi mitatu, kwa sababu ndege wa porini wanaweza kuwaletea ugonjwa huo. Mkiona tetere amejikunyata, amevimba manyoya na haruki mkimsogelea, ondoeni chakula chote kwa wiki mbili, msugue sahani kwa jiki, na mtu asimshike kwa mikono mitupu.

Paka wa jirani hamwezi kuwafunga. Zungumzeni na jirani awaweke ndani angalau saa ya kwanza ya asubuhi na ya mwisho ya jioni, ambazo ndizo ndege wengi hushuka chini. Nguzo ya beseni ifungeni bati laini lenye urefu wa nusu mita ili wasiparamie. Vioo vya madirisha vinavyoakisi anga huua pia. Ndege huona mti ndani ya kioo akauendea. Bandikeni vidoti au vipande vya gundi ya karatasi upande wa nje, umbali wa sentimita 5 kati ya kimoja na kingine, kioo kizima. Picha moja ya kipanga katikati haisaidii. Na shore au mnana akianza kupigana na kioo cha pembeni cha gari, anamwona mpinzani. Kivisheni mfuko mpaka msimu wa kutaga upite.

Dawa za wadudu zisitumike bustanini kabisa. Kiwavi mnayemwona kwenye mpapai ni chakula cha kinda, na chozi hutumia utando wa buibui kufungia kiota chake, kwa hiyo fagio la utando barazani lipite ndani tu, nje paachwe. Sumu ya panya ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu bundi hula panya aliyelewa sumu akafa naye. Najua bundi ana sifa mbaya mitaani kwetu, lakini kwa kukamata panya hana mpinzani, tena hadai kitu. Vijana wenye manati na ulimbo nao waambiwe kwamba kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Kwa mpangilio wa kazi: kuondoa chakula na kuweka maji ni wiki hii. Tetere na shore watakuwa wa kwanza kugundua beseni, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Mshubiri ulionunuliwa ukiwa mkubwa na tekoma vitaleta chozi mara vikichanua. Mforosadi na vichaka vipandwe masika. Mnana wanaweza kuchukua misimu miwili, au wasije kabisa kama koloni lao la zamani liko mtaa wa pili na linawatosha. Kuwatambua, programu ya simu ya Merlin ni ya bure. Muwe na darubini ndogo ya 8x, yaani inayokuza mara nane, mkononi pia.

Jambo la mwisho la kujiandaa nalo: chozi hupenda kuning'iniza kiota karibu na watu, kwenye waya wa taa ya baraza au kwenye kamba ya kuanikia. Kinafanana na uchafu mrefu ulioshikana, wenye tundu pembeni karibu na juu. Kisihamishwe hata kwa nusu mita, maana mama yake hatakifuata. Mayai huchukua kama wiki mbili kuanguliwa, na makinda wiki mbili nyingine au zaidi kidogo kabla ya kuruka. Kwa mwezi huo tumieni mlango wa nyuma usiku, na taa hiyo isiwashwe.